Saa Nane, Saa Kumi

Katika nyumba ya wazee, huku Dundee,
mlango wa kila chumba una karatasi ya njano.
Saa nne: nimemgeuza. Saa sita: nimemgeuza.
Saa nane, saa kumi: nimemgeuza, nimemgeuza.
Sahihi yangu ni nzuri, ina mkia mrefu.
Na mwenye mkia alikuwa amelala
chumba cha kufulia, kwenye joto la mashine.

Si kila usiku. Nalisema hilo
kana kwamba Mungu ataniandikia marupurupu
kwa siku zile nilizokesha.

Nililelewa na Mungu wa vipaza sauti,
wa mahubiri ya uwanjani, kiberiti na radi,
kwa hiyo sikumtambua alipoingia
ndani ya king'ora cha moshi kilichoishiwa betri:
tii.
Dakika nzima kimya.
Tii.
Nikapanda kiti, nikakichomoa darini,
nikakizika kabatini chini ya mablanketi.
Bado nilikisikia. Nikaongeza blanketi.

Kisha mama akapiga simu kutoka Voi, hana jambo.
"Nimekuota unafua shati jeupe, doa haling'oki.
Umekula?"
Nikasema nimekula. Nikasema mtandao unakatakata.

Na Bwana Abernethy mwenyewe,
aliyefuma magunia kiwandani hadi kiwanda kikafungwa:
kiharusi kimemwachia kidole kimoja tu chenye akili.
Kwa kidole hicho akagusa saa yangu ya mkononi.
Akagusa tena.
Nikadhani anataka maji.

Kisiginoni pake doa lilianza dogo, kama punje ya mtama,
jekundu. Nikalitazama kama mtu anavyotazama barua ya deni,
halafu nikamvisha soksi.
Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema kwetu,
lakini Dundee mawingu ni ya kila siku;
mtu huacha kuyasoma.

Jumatatu likabandikwa tangazo: wakaguzi, Alhamisi.
Ndipo magoti yakaniishia nguvu.
Wenzangu wakatafuta kalamu za rangi moja
wajaze mapengo ya wiki nzima. Mmoja akaniazima yake.
Nikaishika, na aibu ikanishukia kama maji ya baridi:
namwogopa mtu mwenye beji na faili,
na Yule aliyenijia usiku baada ya usiku
nimemfunika kwa mablanketi.

Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu.
Asipoitikiwa, havunji mlango.
Anaondoka.
Hilo ndilo lililonitoa jasho. Si radi,
ni zile nyayo zikienda zake
na mimi ndani, nimebana pumzi, nadhani nimeshinda.
Anayetaka kukuangamiza hakupigii hodi.

Jumatano usiku nikamwendea Sista Morag,
nikamweleza yote, kwa Kiingereza kibovu kuliko changu cha kawaida.
Akauliza tarehe. Nikazitaja.
Akaandika bila kuinua kichwa.
Kibali changu cha kukaa nchi hii
kimo ndani ya kalamu ile. Najua, naye anajua.
"Maliza zamu," akasema. "Hakuna mwingine."

Nikakifukua king'ora, nikakitia betri mpya.
Kikalia mara moja, kwa nguvu, kikanyamaza.

Saa nane nikamgeuza Bwana Abernethy.
Kweli nikamgeuza, ubavu hadi ubavu, mto chini ya mguu.
Jeraha lilikuwa limefunguka, lina harufu.
Toba haikulifunga. Nikaliosha.
Nikamwomba radhi kwa Kiswahili,
maana ndicho ninachoweza kulilia.
Kidole chake kikapapasa shuka,
kikaufikia mkono wangu,
kikagonga.
Nikasema: Karibu.