Nukta Saba

Jumatatu walitugawia karatasi, maswali arobaini.
Zungushia duara: moja, sikubaliani kabisa,
tano, nakubali kabisa.
Kila mgonjwa anastahili heshima yangu. Tano.
Ningesema kweli hata ikinigharimu. Tano.
Nilizungushia kama mtu atiaye chumvi bila kuonja.
Gülsüm, jirani yangu, alikwama kwenye swali la tisa,
akaandika, akafuta, akaandika tatu, akafuta tena
mpaka karatasi ikatoboka.
Nilimcheka.

Alhamisi, zamu ya usiku, wodi ya nyonga, Rize.
Mvua ya huku haijui likizo:
inateremka milimani, inapita juu ya mashamba ya chai,
inagonga madirisha ya hospitali kama mdai.
Kitanda cha kumi na moja, Dursune, miaka sabini na tisa,
mchuma chai tangu utoto,
mikunjo ya vidole imekolea weusi
ulioshinda sabuni zetu zote.
Kila saa anauliza kama mbuzi wamefungiwa.
Kila saa tunamjibu: wamefungiwa, bibi, lala.

Saa nane usiku akalala kweli.
Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwangu.
Miguu yangu ilikuwa imeumuka kama unga wa mkate.
Nikasema moyoni, kumwamsha ni ukatili
(tazama uvivu unavyojua kuazima kanzu ya huruma)
nikaandika: thelathini na sita, nukta saba.
Namba nzuri. Namba isiyoulizwa kitu.
Kalamu haikutetemeka.
Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Alfajiri Gülsüm alipomgeuza
alikuta shuka limelowa chapachapa
na paji la uso halishikiki.
Daktari akafungua jalada, akasoma mwandiko wangu:
"Basi homa imeanza sasa hivi."
Akafunua ukurasa.
Nilikuwa nimeokoka.
Hakuna jicho lililonigeukia.

Nikajifungia stoo ya mashuka
kuitafuta ndani yangu ile tano.
Nilikuta hofu ya kufukuzwa.
Nilikuta uso wa baba, na ng'ombe wawili aliouza kwa ajili ya ada.
Chini kabisa palikuwa na kitu kidogo,
kama changarawe kwenye wali;
sitakiita wema,
ila kilikataa kumezwa.

Bi Perihan alikuwa anamimina chai.
"Sikupima. Niliandika tu."
Hakufoka. Hakunisifu pia, na nilitamani anisifu.
Akaweka birika chini.
"Daktari anadhani anajua homa ilianza saa ngapi.
Nenda ukamwambie hujui."

Neno dogo hilo, *sijui*,
lilikuwa refu kuliko ule ukumbi.
Aliyonijibu daktari siyarudii hapa.
Nilikata ile namba kwa mstari mmoja,
mmoja tu, ndivyo ilivyo kanuni,
ili kilichokatwa kiendelee kusomeka,
nikatia jina langu pembeni, herufi zote.

Wiki mbili wakaninyima dawa na majalada,
nikabaki na mabeseni.
Siku ya nne nilikuwa namwosha Dursune mgongo,
homa imeshapungua, maji yana mvuke,
akauliza:
"Binti, mbuzi wamefungiwa?"
Jibu lilikuwa tayari mdomoni, laini, limezoea njia.
"Sijui, bibi," nikasema. "Nimpigie mwanao nimuulize?"

Akageuza shingo polepole, kwa maumivu,
akanitazama kama mtu aliyesikia hodi.
"Usimpigie. Mbuzi niliwauza mwaka juzi.
Wote humu huniambia wamefungiwa."
Akacheka, kisha akakohoa, kisha akanipa mkono wa pili niuoshe.

Juni walituletea karatasi zile zile.
Kwenye swali la tisa nikaandika nne,
nikafuta.
Saa ya ukutani inakwenda, nje mvua,
naandika, nafuta.
Gülsüm hakucheka.
Alinisogezea kifutio chake, kilichobaki punje.