Bado Nadaiwa

Treni imegota. Hull si mji wa kupita,
ni wa kufika tu: mbele ya reli kuna mto,
na mto wenyewe rangi ya chai ya maziwa
iliyosahauliwa kikombeni.
Miaka kumi na mmoja.
Nimeshuka na masanduku mawili
na goti ambalo halikuuma nilipoondoka.

Dereva wa teksi ni Mkurdi, anaitwa Rebwar,
ana miaka mitatu hapa.
"Unatoka wapi?"
"Hapa."
Akacheka kwa adabu,
kama mtu anayengoja jibu la pili.
Sikuwa nalo.

Basi akanitembeza mji.
Barabara hii imefungwa, ile ni ya upande mmoja,
na pale, akasema, palikuwa na bwawa la kuogelea,
yeye hakuliwahi, aliambiwa.
Mimi nililiwahi. Nusu ya maji yake niliyanywa.
Nikanyamaza, nikatazama anakoonyesha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema.
Hawakusema iweje mwenyeji akija
na mgeni ndiye anayemshushia mizigo.

Kibanda cha simu bado kina rangi ya siagi,
si chekundu kama vya miji mingine.
Ndani hamna simu, mna mwavuli uliovunjika.
Humu baba alipiga Kismayu kila Ijumaa,
akilisha sarafu moja moja,
akipaza sauti kana kwamba bahari ina sikio zito,
nami nje nikihesabu mabasi, nikiona haya.

Mlango wetu wameupaka kijivu.
Lakini karibu na kitasa rangi imebanduka,
na kijani chetu kinachungulia.

Kwa Denise, viazi bado vinanyunyiziwa
ile chumvi nyekundu niliyojaribu kuieleza Doha
nikashindwa, nikaishia kusema "ni ya kwetu."
Uso wangu hakuutambua.
Nilipofungua kinywa, o yangu ikajikunja
ikawa kitu kati ya o na e, kama ya watu wa hapa,
akainua kichwa: "Wewe wa Bwana Shee!"
Jina langu lilimtoka.
Alichokumbuka ni kwamba kwetu hatukutaka siki.

Kaka yangu Lali amenipa kochi, blanketi,
na orodha ya mambo nisiyopaswa kumuuliza.

Wanauliza nimerudi kwa nini.
Huyu namwambia kazi, yule namwambia goti.
Kweli yenyewe ni ndogo, inaniona haya:
usiku mmoja wa digrii arobaini, kiyoyozi kikinguruma,
nilitamani kunyeshewa.
Na mvua ya hapa, ile ya kulala ubavu,
isiyoanguka bali inayokuja kukutafuta,
ilinipata kituo cha basi siku ya pili,
nikaitukana kama kila mtu.

Jumanne nikaenda maktaba kuu
na kadi yangu ya zamani, imepasuka pembeni.
Karani, kijana wa nywele za zambarau,
akapiga namba, akakunja uso.
Kuna deni, akasema.
Kitabu cha ndege wa pwani, mwaka ule wa kuondoka.
Pauni mbili na senti arobaini.
"Naweza kulifuta."
"Hapana!" nikasema,
mpaka mzee mmoja akashusha gazeti.

Maana mji mzima umebadili makufuli,
lakini kwenye daftari la wadaiwa nimo,
Rukhia Shee, herufi zote,
hata ile h ambayo walimu waliiacha njiani.
Anayekudai hajakusahau.

Nikalipa pauni mbili.
Senti arobaini zilikuwa mfukoni,
nilizisikia zikigongana,
nikaziacha humo humo.
"Nitazileta," nikamwambia.
"Lini?"
"Sina haraka. Nipo."