Mahema Mawili, Mgeni Mmoja

Jumanne ile tulipeleka mahema mawili lango la Machame
kwa mgeni mmoja.
Wapishi wawili, mitungi miwili ya gesi,
trei mbili za mayai zimeviringishiwa blanketi.
Mgeni akashuka garini, peke yake, na kofia ya sufu,
akatutazama kama mtu aliyefika harusini
akakuta kila kiti kina jina lake.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye mtunza kanzidata
wa kampuni ya chumba kimoja, juu ya duka la pembejeo, Moshi mjini,
dirisha hufunguka nusu.

Kila oda hutujia na anwani yake ya mtandao,
na anwani hizo, jamani, ni ndefu
kuliko maelekezo ya kwenda kwa shangazi Uru:
panda, pita kanisa, pita kanisa lingine,
ukiona mgomba umeinama usikate kona, endelea.
Moja ina mkwaju mwishoni (si wa ukwaju,
ule mstari uliolala), nyingine haina.
Moja imeburuta mkia: katoka wapi, nani kaibofya, saa ngapi.
Nyumba ni ileile. Ila mashine haijui nyumba,
inajua njia,
na njia mbili kwayo ni wageni wawili.

Nikasema, basi anwani yenyewe iwe ufunguo.
Wingu likakataa. *Ufunguo mrefu mno*, likaandika,
kwa wino mwekundu, bila hata samahani.

Nikasema, basi tuulize kwanza: yupo? Hayupo? Ndipo tuandike.
Lakini Aikaruwa na Mkunde waliuliza pamoja,
sekunde ileile, mmoja hapa, mwingine tawi la Arusha;
wote wakajibiwa hayupo,
wote wakaandika.

Usiku wa tatu nikakata mikia.
Nikang'oa mikwaju ya mwisho,
jina la tovuti nikalishusha lote herufi ndogo,
kisha nikaisaga anwani
kama mama anavyosaga kahawa Kibosho.
Uweke gunia, uweke kiganja, kinu hiki
hutoa kipimo kilekile: herufi sitini na nne.
Punje zilezile, unga uleule,
leo, kesho, hata umeme ukikatika urudi.
Ukigusa nukta moja, unga wote unageuka.

Huo unga nikaufanya ufunguo.
Sikuuliza tena nani yupo. Nililiambia wingu:
andika, na kama pana mwenyewe, kataa.
Na kwa kuwa unga haurudi kuwa punje,
anwani ndefu nikailaza ndani ya rekodi, nzima,
asije mtu akaniuliza hii ilikuwa nini.

Halafu nikafuta marudio. Mia mbili na kumi na moja.
Nilifuta huku napiga mluzi.

Ijumaa Elisaria Mtui akapanda ngazi,
mpishi wa hema la pili, viatu bado vina tope la msituni.
"Dada, malipo yangu hayaonekani."
Nikatafuta. Kweli, hayakuonekana.
Siku yake ilikuwa ndani ya rekodi niliyoifuta:
alfajiri, mvua ya langoni, saa saba
za kumngojea mtu ambaye tayari anakula kwa mwenzake.
Mgeni alikuwa amerudiwa.
Elisaria hakuwa amerudiwa.

Nikasaga jina lake na tarehe, nikabonyeza.
Wingu likapokea papo hapo,
halikuwa limewahi kumwona.

Akainama kwenye kioo, akafuata kwa kidole
zile herufi sitini na nne.
"Hapo ndipo mimi?"
Nikamwambia ndipo.
"Mbona sijioni," akasema, akacheka kidogo,
akavuta stuli, akakaa kungojea pesa.