Toa Sita

Mimi moshi siupendi. Nimepigana nao
miaka thelathini na moja, Mabela nzima inajua.
Zahran akipanda juu ya paa na biri yake nene
kama mtoto aliyeiba sukari guru,
na akishuka namwambia: kaoge kwanza.

Sasa kila Ijumaa, kabla ya adhana,
mimi ndiye nafungua kisanduku cha mwerezi.
Zimo kumi na moja.

Nje Agosti, kuta zinatoka jasho,
ukivuka mlango miwani inapofuka.
Ndani kiyoyozi kinakausha mpaka midomo.
Bahari na jangwa nyumba moja,
na baina yao kisanduku
kisichofika ukubwa wa sinia ya halwa.

Aliniandikia, mwaka ule wa hospitali,
nyuma ya risiti ya petroli:
*Mshale usipite sabini na mbili, usishuke sitini na tano.
Maji ya betri. Ya bomba yana chokaa.
Sponji ilowe, isitone.
Zigeuze, usiziamshe.*
Hilo la mwisho sijalielewa hadi leo.
Na pembeni, herufi za kubanana:
*Usifukize udi karibu. Zinakunywa harufu.*

Ikaja eda. Miezi minne na siku kumi,
wageni, vyetezo vitatu vinapokezana sebuleni,
nami nimekaa na tasbihi, nawaza: kiko wapi?
Raiya alikisukuma chini ya kitanda
pamoja na viatu vya babake.
Nikakizungushia plastiki mara mbili, nikakificha kati ya mashuka.
Watu walidhani nimeingia chumbani kulia.

Mshale nao nikaushuku.
Chumvi kwenye kifuniko cha soda, matone mawili ya maji,
vyote ndani ya chupa ya jamu, usiku kucha.
Asubuhi ilibidi usome sabini na tano.
Umesoma themanini na moja.
Mwongo, lakini mwongo wa kawaida yake:
kila ukisema, namtolea sita.

Kisha nikaona unga, laini kama wa pilipili manga,
na vitundu kwenye biri moja, kama vya sindano.
Mdudu. Zote friza siku tatu,
kati ya nguru na sambusa za Ramadhani.

Wiki hiyo hiyo shemeji Harith akaja.
"Nipe moja, nimkumbuke marehemu."
Nikampa ile yenye vitundu.
Juu ya paa ikawa inapiga filimbi,
anavuta, filimbi, anavuta, filimbi,
mpaka paka wa jirani akahama ukuta.
Akashuka macho mekundu: "Hii imekufa."
Nikamwambia: kaoge kwanza.

Ijumaa hii nimegeuza kumi.
Moja niliisogeza puani, mara ya kwanza maishani:
mwerezi, udongo uliopata mvua,
na kwa mbali, mbali sana, udi.
Umeingia hata hivyo.

Mshale unasoma sabini na sita.
Toa sita.