Dume Aliyechelewa Kubadili Nguo

Wa kwanza namwona bila darubini.
Theluji imetoka mtelemkoni tangu Jumanne,
kilima ni cheusi, kuvumwani na mawe na maji yanayochuruzika,
naye yuko juu ya jiwe, mweupe pe,
kama mtu aliyeingia msibani na kanzu ya harusi.

Naandika: dume mmoja, saa tatu usiku, jua bado liko.
Arnkell ananiambia niandike na upepo.
Hapendi daftari lenye pengo.

Nyusi za nyama nyekundu zimemvimba juu ya macho.
Anaruka, anatanua mkia mweusi, anashuka taratibu
akikoroma kama kidole kinachopita kwenye meno ya kitana.
Jike wake sina hakika kama nimemwona.
Yeye alishabadili zamani: kahawia, majani makavu, mistari ya mkaa.
Mwaka juzi nilibakiza hatua moja nimponde na mayai yake kumi na moja.
Hakuruka.
Shingoni tu, pale, kitu kilikuwa kinapiga.

Wakati wa baridi dume na jike huvaa sare.
Miguu huota manyoya mpaka vidoleni kama ya sungura,
na giza likiingia saa tisa alasiri
hujifukia thelujini, kila mmoja na kaburi lake la usiku,
asubuhi hulipuka kupitia dari.
Nyuma hubaki shimo na vijiti vya kinyesi kikavu.
Arnkell huvihesabu hivyo pia.

Bibi yangu Steinvör alikuwa hamchuni kwale bila kumsoma.
Ndege walining'inia ukumbini majuma matatu, vichwa chini,
hadi mkesha wa Krismasi.
Ndipo alipopasua kifuko cha koo kwa mkasi wa kushonea,
akamimina yaliyomo kwenye kisahani cha chai:
vichipukizi vya mwerebi, vingi, vibichi hata sasa.
"Huyu ni wa kando ya mto," akasema.
Wa pili alikuwa na mbetula mtupu, na changarawe.
"Huyu hakushuka. Alikaa juu na kiburi chake."
Tukamla mwenye kiburi kwa viazi vya sukari.

Mwaka ambao hawakupatikana alipika kondoo wa moshi,
lakini kisahani alikiweka mezani vilevile,
na hakuna aliyethubutu kutia majivu ya sigara humo.

Huongezeka, hupungua, kama miaka kumi hivi, kisha huongezeka tena.
Ni kozi, anasema Arnkell. Ni minyoo. Ni chakula.
Anasema huku akifunga kamba za viatu,
kama mtu anayeulizwa deni.

Kozi naye anamwona bila darubini.
Hilo dume analijua, au mwili wake unalijua;
na bado anasimama pale, majuma mawili, matatu,
kitambaa cheupe juu ya nchi nyeusi,
kwa ajili ya mmoja anayemtazama kutoka mahali nisipopajua.

Leo tumerudi.
Juu ya jiwe la kwanza kuna mfupa wa kifua na manyoya, upepo unayachambua.
Wa pili yupo. Wa tatu yupo.
Wa nne nimemtafuta dakika kumi, kumbe yuko mbele ya kiatu changu.

Jike wake ameshakalia mayai, hana tena wa kumwonyesha.
Manyoya mapya hayajaota, naye hakuyangoja:
amekwenda kwenye tope la chemchemi akajigaragaza,
kifua, mabawa, tumbo,
mpaka kanzu ya harusi ikawa ya kuchimbia viazi.
Ananitazama kwa jicho moja.
Anaamini kabisa kwamba simwoni.

Naandika: dume mmoja, mchafu.
Arnkell anachungulia begani kwangu.
"Safu ya uchafu haimo," anasema,
kisha anatoa rula mfukoni,
anapiga mstari mpya hadi chini ya ukurasa.