Saa Tisa, Ngomeni Edinburgh

Shangazi Mwanakombo amepanda jabali
kwa kandambili na soksi,
upepo umemshika kanga kama mdai.
Bondeni, tramu zinateleza mbele ya maduka.

"Mlima huu ulikuwa wa moto," namwambia,
"kabla ya wafalme."
"Ndiyo maana wakaukalia. Baridi hii!"

Mzinga unalia. Watalii wanaruka, wanacheka:
saa saba kamili.
Saa yake, aliyokataa kuirekebisha tangu uwanja wa ndege,
inasema tisa. Alasiri ya Tanga i karibu.

Kisha, chini ya ukuta, kibustani kisichoingilika:
mawe madogo kwenye nyasi, kila moja na jina.
"Watoto?"
"Mbwa, shangazi. Mbwa wa wanajeshi."

Ananyamaza.
Babaake alikwenda Bama na Keya.
Ilirudi barua, haikutaja mahali.

Anafungua mkoba, anavaa miwani,
anaegemea ukuta na kuyasoma yale majina,
moja moja, kwa sauti ya chini,
mengine anayakosea.
Anafika mwisho. Anaanza tena,
kana kwamba kuna moja limerukwa.