Kiganja Juu ya Kitabu

Sheria ilipitishwa Aprili, kaskazini.
Sisi wa Georgia ilitufikia Julai, imechoka,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa kasisi Philander
ambaye miwani yake ilikuwa na kioo kimoja.
Akaisoma. Tukamwambia, rudia, polepole:
kushtaki. Kutoa ushahidi.
Kununua, kupanga, kurithi.
Mama akauliza, "Na mahindi yamo humo?"

Mahindi yetu, magunia kumi na tisa.
Tulilima kwa mkataba; Mama alitia msalaba wa wino
chini ya jina la Bwana Crenshaw,
na baada ya mavuno tukaambiwa
tumeshayala yote, kwa chumvi na viatu.
Viatu gani? Tulikwenda mahakamani pekupeku,
maili kumi na moja.

Hakimu alikuwa na kikohozi.
Ukumbi ulinuka tumbaku na wanaume wanaojuana.
Karani akaisogeza Biblia kwa ncha za vidole,
kama anayemlisha mbwa asiyemwamini.
Mama akaweka kiganja,
kile kilichobambuka kwa sabuni ya magadi.

Miaka miwili nyuma mkono ule ungeuzwa
pamoja na jembe ulilolishika,
ila kuapa, usingeweza.

"Naitwa Tempe Ruffin. Niliona kwa macho yangu."
Akahesabu gunia baada ya gunia,
lipi lilishonwa kwa uzi mwekundu,
lipi lilitobolewa na panya.
Hakuna aliyemwambia nyamaza,
na hilo, alinieleza baadaye,
ndilo lililomtetemesha magoti.

Husemwa mnyonge hupata haki
mwenye nguvu akipenda.
Siku ile hakupenda hata mmoja.
Tulipata magunia manne.

Nilipogeuka mlangoni
karani alikuwa akikipangusa kitabu kwa leso,
jalada, kisha kingo, kisha jalada tena.

Njiani, juu ya mkokoteni wa kuazima,
Mama hakuyataja mahindi.
Alirudia sentensi moja kwa sauti ndogo,
akiionja:
niliona kwa macho yangu,
niliona kwa macho yangu.

Nikamwuliza, "Na yale kumi na matano?"
"Yaandike."
"Sijui kuandika, Mama."
Gurudumu lilikwama kwenye tope jekundu.
"Basi jifunze," akasema,
akashuka kusukuma.